Kiini cha Seli na Herufi Moja ya Damu



Ndugu wasomaji, hivi karibuni tuliletewa barua ili tuifasiri. Si jambo geni, kwani wengi wenu mwajua kwamba meza ya jarida hili hufanya kazi ya ukalimani zaidi ya kazi ya uandishi. Barua hiyo ilitoka hospitali, nayo ilimhusu mtoto mchanga wa mwezi mmoja na nusu, aliyechomwa kisigino siku ya tano baada ya kuzaliwa, kama wafanyiwavyo watoto wazaliwao hapa Uingereza ili damu yao ipimwe. Ilisema, kwa maneno machache, kwamba mtoto ni mzima, ila amebeba selimundu, yaani ile ambayo wengi wetu twaiita sikoseli. Mama wa mtoto aliyasoma maneno hayo kama asomaye hukumu. Familia ya mume, kwa simu kutoka Mombasa, ikasema kwamba jambo hilo halijapata kuonekana kwao, na kwa hivyo limeingia nyumbani pamoja na mke. Barua ilipotufikia sisi ilikuwa imekwisha kunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata maandishi ya katikati yamefifia.

Kuifasiri kulituchukua dakika kumi. Kuieleza kulituchukua jioni nzima, kwa sababu neno moja lililokuwamo, neno "amebeba", halifahamiki mpaka mtu ajue kimebebwa nini, na kimebebwa wapi. Mahali penyewe ni padogo mno, ndani ya kitu kiitwacho kiini cha seli. Tumeonelea basi mwezi huu tuzieleze habari za kiini hicho kwa wasomaji wote, maana barua za namna ile zimo katika droo za nyumba nyingi zaidi ya moja.

Tuanze na seli. Seli ndiyo kipande kidogo kabisa cha mwili chenye uhai wake chenyewe, kinachokula, kinachotoa taka na kinachoweza kuzaa kingine. Mwili wa mtu mzima una seli zinazokadiriwa kuwa trilioni 30 na zaidi. Mwingereza Robert Hooke ndiye aliyezitia jina hilo mwaka 1665, alipotazama kwa hadubini kipande cha gome la mti na kuona vijumba vitupu vilivyopangana. Ama kiini, kilisubiri sana. Wako waliokiona na kukichora kabla, lakini mtu aliyekipa jina ni Robert Brown, bingwa wa mimea kutoka Scotland, ambaye mwaka 1831 aliwaeleza wataalamu wenzake mjini London kwamba katika seli za maua aliyoyachunguza aliona kila mara doa moja la mviringo. Hakujua lafanya kazi gani.

Doa hilo msomaji aweza kuliona mwenyewe. Mtoto wa sekondari akikuomba kitunguu kwa ajili ya somo lake la sayansi, usimkatalie. Ngozi nyembamba iliyo baina ya tabaka za kitunguu, ikitiwa tone la iodini na kuwekwa chini ya hadubini ya shule, huonyesha vijumba virefu kama matofali, na katika kila kijumba mna kitone kilichoiva rangi kuliko vingine vyote. Hicho ndicho kiini.

Hapa yatupasa kuonya juu ya lugha yetu wenyewe. Kwetu "kiini" ni ile sehemu ya manjano ya yai, na watoto wengi wanaosoma sayansi kwa Kiingereza huku wakifikiri kwa Kiswahili hukosea hapo. Sehemu ya manjano ya yai la kuku sicho kiini cha seli. Hiyo yote, kwa ukubwa wake, ni seli moja iliyojazwa chakula. Kiini cha seli hiyo ni sehemu ya kile kidoa cheupe kidogo kinachoonekana juu ya umanjano, ambacho mpishi hata hakitazami.

Basi ndani ya kiini mna nini? Wazee wetu wa pwani walikuwa na desturi ya kuhifadhi hati zao katika kasha. Hati ya shamba, hati ya nyumba, hati ya wakfu, zote zilikaa humo, na kasha lilikaa chumba cha ndani. Mtu akihitaji kuitumia hati, kwa kadhi au kwa serikali, haitolewi ile ya asili. Huitwa mwandishi, akanakili, ikatoka nakala. Nakala ikichakaa au ikipotea si neno, maadamu asili imo kasha. Kiini cha seli kina desturi hiyo hiyo. Asili haitoki. Zitokazo ni nakala.

Hati yenyewe imeandikwa katika uzi uitwao DNA. Mtu wa kwanza kuishika dutu hiyo alikuwa tabibu kijana wa Uswisi, Friedrich Miescher, mwaka 1869 katika mji wa Tübingen, Ujerumani. Alichukua bendeji zilizotupwa hospitalini, zilizojaa usaha, akazikosha, akazipata seli nyeupe za damu ambazo kwa sehemu kubwa ndizo usaha, na kutoka viini vyake akapata kitu cheupe kisichofanana na protini yoyote aliyoijua. Akakiita nukleini. Huenda hakuna hazina katika elimu ya tiba iliyopatikana mahali pachafu zaidi ya hapo. Ilipita miaka zaidi ya 80 kabla umbo la uzi huo kufahamika: mwaka 1953, James Watson na Francis Crick wa Cambridge, wakitegemea kwa sehemu kubwa picha za miale zilizotoka maabara ya Rosalind Franklin mjini London, walionyesha kwamba ni nyuzi mbili zilizosokotana kama ngazi ya kuzunguka. Vidato vya ngazi hiyo ni herufi nne tu, ambazo wataalamu huziandika A, T, G na C. Lugha nzima ya viumbe, tokea mchicha hadi nyangumi, imeandikwa kwa herufi hizo nne.

Herufi tunazozirithi kutoka kwa baba ni kiasi cha bilioni tatu, na kutoka kwa mama vivyo hivyo. Uzi wote uliomo katika kiini kimoja, ukinyooshwa, hufika takriban mita mbili, urefu unaompita mtu. Na kiini chenyewe ni kidogo kiasi kwamba huhitajiwa zaidi ya 150 kuvipanga kwa mstari ili vitimie milimita moja. Vipi mita mbili zitakaa humo bila kufungana mafundo? Subhanallah, uzi umeviringishwa juu ya protini ziitwazo histoni. Protini nane hufanya kigurudumu kimoja, uzi ukakizunguka mara moja na zaidi ya nusu, ukaenda kingine, na kingine, kama kamba ya mvuvi juu ya vibao. Kisha vigurudumu hivyo navyo hukunjwa tena na tena. Mafungu makubwa ya uzi huo ndiyo kromosomu, nazo ni 46 katika seli ya binadamu, jozi 23, kila jozi nusu ya baba na nusu ya mama.

Kiini kimezungukwa na utando wa tabaka mbili, na utando huo una vitundu, kwa maelfu katika seli nyingi za mwili. Tusidhani ni matundu matupu. Kila kimoja ni mlango uliojengwa kwa protini za namna thelathini hivi, unaochagua. Vitu vidogo hupita bila kuulizwa. Protini kubwa haiingii ila iwe na alama maalumu mwilini mwake, nayo hupokewa na protini nyingine iliyopewa kazi ya kuisindikiza. Sisi tuliokwisha simama katika foleni za uhamiaji na makaratasi mkononi hatuhitaji maelezo zaidi juu ya jambo hili, ila tuseme tu kwamba mlango wa kiini hufanya kazi yake kwa sehemu ya sekunde.

Ndani ya kiini mna pia kidoa cheusi zaidi kiitwacho nukleoli. Hicho ni karakana ya kutengeneza ribosomu, mitambo midogo itokayo nje ya kiini kwenda kuunda protini kwa kuzisoma nakala. Tukumbuke jina hilo, maana tutalihitaji.

Sasa turudi kwenye barua. Katika kromosomu ya 11 mna kipande cha hati, yaani jeni, kinachoeleza namna ya kuunda sehemu moja ya himoglobini. Himoglobini ndiyo iipayo damu wekundu wake na ndiyo ibebayo hewa ya oksijeni kutoka mapafuni. Jeni hii ni fupi, herufi 1,600 hivi. Seli ikiihitaji, uzi hufunguliwa mahali hapo, kimeng'enya hupita juu yake na kuandika nakala. Nakala hukatwa vipande viwili visivyotumika, vinavyobaki huungwa, ndipo hupitishwa mlangoni. Huko nje ribosomu huisoma herufi tatu tatu, na kila tatu humaanisha asidi moja ya amino ya kuongezwa katika mnyororo. Mnyororo ukikamilika una asidi 146.

Mahali pa sita katika mnyororo huo, watu wengi wana herufi GAG. Wengine wana GTG. Hiyo ndiyo tofauti yote: A imekuwa T. Herufi moja kati ya bilioni tatu. Lakini kwa sababu ya herufi hiyo ribosomu huweka asidi iitwayo valini mahali pa glutamiki, na valini haipendi maji, hutafuta kujificha kwa kushikamana na jirani. Himoglobini inapokwisha kuitoa oksijeni yake, molekuli hizo huanza kunasana, moja kwa moja, hata zikawa fito ngumu ndani ya seli. Seli iliyokuwa laini na ya mviringo kama kitumbua kilichobonyezwa katikati hupinda ikawa kama mundu. Haipiti tena katika mishipa myembamba. Huziba, na mahali palipozibwa pakakosa oksijeni, na hapo ndipo hutoka yale maumivu ya mifupa ambayo aliyepata kuuguza mtoto mwenye ugonjwa huu usiku kucha hahitaji kuelezwa.

Tabibu James Herrick wa Chicago alizieleza seli hizo za umbo la mundu mwaka 1910, baada ya kuzikuta katika damu ya mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakathibitisha kwamba kasoro imo katika himoglobini yenyewe, na mwaka 1956 Vernon Ingram, mjini Cambridge, akaonyesha kwamba ni asidi moja tu ya amino iliyobadilika. Hayo waliyajua wataalamu kabla wengi wetu hatujazaliwa, na bado wako jamaa zetu wanaoambiwa na majirani kwamba mtoto amepatwa na pepo.

Hapa kuna jambo la ajabu ambalo laeleza mengi. Seli nyekundu za damu hazina kiini! Zinapokuwa ndani ya uboho wa mfupa, zikiwa changa, huwa nacho. Zikisha kunakili jeni ya himoglobini kiasi cha kutosha, hukisukuma kiini chao nje, kikaliwa na seli nyingine, nazo huingia katika mkondo wa damu zikiwa mifuko iliyojaa himoglobini tupu. Ndivyo zilivyo kwa wanyama wote wanyonyeshao, hata ngamia, ambaye seli zake nyekundu si za mviringo bali ni za umbo la yai. Kuku sivyo. Damu ya kuku tumchinjaye, ikitazamwa kwa hadubini, kila seli nyekundu ina kiini chake katikati.

Nyumba isiyo na kasha la hati haiwezi kuandikiwa nakala mpya. Seli nyekundu ikiharibika haina pa kurejea ili ijirekebishe. Hudumu siku 120 hivi, kisha huvunjwa. Yenye umbo la mundu hudumu kidogo mno, aghlabu siku kumi hadi ishirini, na ndiyo sababu mgonjwa hupungukiwa damu daima. Kwa hiyo pia damu ya kuongezewa, ingawa huokoa maisha, ni msaada wa muda: seli ngeni zitakufa kwa wakati wake, na uboho wa mgonjwa, ambao viini vyake vina hati ile ile, utaendelea kutoa zile za mundu. Anayetaka kuuondoa ugonjwa lazima aende ubohoni, viliko viini.

Swali tuliloulizwa jioni ile lilikuwa zuri. Ikiwa kila seli ya mwili ina hati ile ile, herufi hiyo imo pia katika jicho, katika ini, katika ngozi? Naam, imo. Lakini katika seli za jicho ukurasa huo umefungwa, uzi wake umekazwa juu ya histoni zake wala haunakiliwi. Kazi kubwa ya kiini si kuhifadhi tu, bali ni kuchagua nini kifunguliwe, wapi, na lini. Kuna hata himoglobini ya tumboni, ambayo mtoto huitumia kabla ya kuzaliwa. Jeni yake iko jirani kabisa, katika kromosomu ile ile ya 11, nayo haina kasoro. Baada ya kuzaliwa hufungwa polepole, na ile ya ukubwani ikafunguliwa. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu huzaliwa mwenye afya, na dalili zikaanza anapokaribia nusu mwaka. Mama husema, "Alikuwa mzima kabisa!" Na asema kweli.

Tufike sasa kwenye neno "amebeba". Kwa kuwa kromosomu ni za jozi, kila mtu ana hati mbili za himoglobini, ya baba na ya mama. Mwenye hati mbili nzima huandikwa AA. Mwenye mbili zenye herufi iliyobadilika huandikwa SS, naye ndiye mgonjwa. Mwenye moja nzima na moja iliyobadilika huandikwa AS. Huyo ndiye aliyebeba. Uboho wake hunakili hati zote mbili, na himoglobini nzima huizuia ile nyingine isifanye fito. Aghlabu huishi umri wake wote bila kuugua kwa ajili yake, wala hatakuja kuwa mgonjwa baadaye. Mtoto wa barua ile alikuwa AS, basi hukumu aliyoisoma mama yake haikuwamo.

Yai la mama na mbegu ya baba ni seli za namna ya pekee. Viini vyake havina kromosomu 46 bali 23, moja tu kutoka kila jozi, na ipi itakayoangukia huko hakuna ajuaye ila Mwenyezi Mungu. Baba AS na mama AS wakipata mtoto, katika nafasi nne, moja ni AA, mbili ni AS, na moja ni SS.

Na hapa tunaomba kila msomaji asome polepole. Baba mmoja wa jamaa zetu, ambaye yeye na mkewe wote ni AS, na kifungua mimba wao ni mgonjwa, alituambia miaka michache iliyopita: "Tumeambiwa mmoja kati ya wanne. Basi huyo mmoja tumekwisha mpata, watatu waliobaki wamesalimika." Aliyasema kwa furaha, naye hakuwa mjinga, ni mtu wa hesabu, muuza duka. Lakini kiini hakiweki daftari la watoto waliotangulia. Kila mimba hesabu huanza upya, moja kati ya nne, kana kwamba hakuna mtoto aliyezaliwa kabla. Mtoto wao wa pili naye ni SS. Hatujui kama wangeamua vingine lau wangeelezwa vyema; hayo ni yao. Ila walistahiki kuelezwa, kwa lugha wanayoifahamu, na hawakuelezwa, na sisi tuliokuwa tukichapisha kurasa za mapishi na matangazo ya safari za Umra tuna fungu letu katika lawama hiyo.

Wako wanaosema kwamba ugonjwa huu ni wa watu fulani, si wa ukoo wao. Kiini kina jibu. Wataalamu waliposoma si herufi hiyo peke yake bali na herufi za majirani zake katika kromosomu, walikuta mipangilio kadhaa, wakaipa majina ya mahali: wa Senegal, wa Benin, wa Kibantu, wa Kiarabu na Kihindi, na mingineyo. Katika nchi ya Oman, ambako watu kiasi cha 6 kati ya kila 100 wamebeba herufi hiyo, imeonekana mipangilio mitatu kwa pamoja: wa Benin, wa Kiarabu na Kihindi, na wa Kibantu. Majahazi yaliyokwenda na kurudi kwa upepo wa kaskazi na kusi hayakubeba tende na boriti peke yake. Wagonjwa wengi wa mashariki mwa Saudi Arabia, ambao mpangilio wao ni wa Kiarabu na Kihindi, huwa na himoglobini ya tumboni kwa wingi zaidi hata ukubwani, na aghlabu huumwa kwa uchache.

Sababu ya herufi hiyo kuenea sana kwetu ni malaria. Anthony Allison, tabibu aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954, kwa uchunguzi alioufanya Afrika Mashariki, kwamba mwenye AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hivyo watoto wenye AS waliokoka pwani na maziwani ambako wengine walikufa, wakakua, wakazaa. Tanzania leo ni miongoni mwa nchi za dunia zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, makadirio yakiwa kiasi cha 11,000 kwa mwaka. Familia isemayo "kwetu haijapata kuonekana" yamkini imeibeba vizazi kumi, ikinufaika nayo bila kujua.

Ama dawa, ipo inayoitwa haidroksiurea, ambayo huamsha kiasi cha himoglobini ya tumboni. Ni vidonge, na imewasaidia wengi. Uko upandikizaji wa uboho kutoka kwa ndugu anayelingana, na ndugu wa baba na mama mmoja hulingana kwa nafasi ya moja kati ya nne. Na mwezi Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kuidhinisha tiba iitwayo Casgevy, inayokwenda ndani ya kiini chenyewe. Seli za uboho hutolewa kwa mgonjwa, na kwa kimeng'enya maalumu hukatwa mahali pamoja katika kromosomu ya 2. Mahali hapo ndipo penye amri ya kuifunga jeni ya himoglobini ya tumboni. Amri ikivunjwa, ukurasa ule uliofungwa utotoni hufunguka tena. Kabla ya kurudishiwa seli zake mgonjwa hupewa dawa kali za kuuondoa uboho wa zamani, dawa zinazoweza kudhuru uwezo wa kuzaa, na bei iliyotajwa hapa ni pauni milioni 1.65 kwa mtu mmoja. Mwezi Januari 2025 ilikubaliwa itolewe na huduma ya afya ya England kwa baadhi ya wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Tunasikitika kwamba nchi zenye wagonjwa wengi ndizo zilizo mbali zaidi na bei hiyo. Na ieleweke kwamba tiba hii hubadili viini vya uboho peke yake. Mayai na mbegu hubaki na hati yake ya asili, na aliyetibiwa bado atawarithisha wanawe ile herufi.

Kwa hiyo kipimo hakikwepeki. Saudi Arabia na Bahrain zimekilazimisha kabla ya ndoa tangu mwaka 2004, na majibu hayaivunji ndoa. Wenyewe huachiwa uamuzi. Katika posa zetu twauliza dini, tabia, nasaba na kazi, na hata mwendo wa shangazi zake binti hatuuachi. Herufi mbili za damu zaona aibu gani kuulizwa? Walio AS wote wawili waonane na daktari, na kwa yanayohusu sheria wamuulize mwanachuoni wanayemwamini, mapema, kabla ya kadi za harusi kuchapwa. Tena wasitazame S peke yake: mwenye AS akioana na aliyebeba thalasemia, ambayo nayo si haba huko Oman, au himoglobini ziitwazo C na D, mtoto aweza pia kuugua.

Jioni ile, tulipokwisha kueleza kwa kadiri ya uwezo wetu, mama wa mtoto alitulia kidogo, kisha akauliza kama yeye hakupata kupimwa. Tukamwambia kwamba wajawazito hapa hupewa nafasi ya kupimwa mapema, na majibu huwamo katika makaratasi ya mimba. Mumewe akaenda kuyaleta, akayapekua juu ya zulia. Ukurasa wa nne palikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba himoglobini ya mama ni ya kawaida, AA. Kwa vile yeye hakuwa amebeba, hospitali haikumwita mume kupimwa.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa mama yake. Kisha yule baba akachukua simu, akatoka barazani, tukamsikia akimwamkia mzee wake, na baada ya habari za afya na za mvua, akaanza kueleza, akianzia kwenye kitunguu. Ndugu yake mdogo aliyeko Mombasa, ambaye posa yake ilikuwa imekwisha pelekwa, amepimwa wiki iliyopita.